Waifai ya wageni kwenye mgahawa: kuweka ukurasa wa kuingia kwa vocha, hatua kwa hatua

Migahawa mingi ya Dar es Salaam bado inagawa waifai kwa namna ile ile: nenosiri moja, limeandikwa kwenye karatasi, karatasi imebandikwa juu ya kaunta. Haichukui muda mrefu linajulikana na madereva wa bodaboda wa kijiweni, duka la jirani na wapangaji wa ghorofa ya nyuma. Wateja waliokaa mezani wanalalamika mtandao ni mzito. Mwenye mgahawa anabadilisha nenosiri, kompyuta ya kaunta inakatika kwa sababu nayo ilikuwa inatumia hilo hilo, na mambo yanaanza upya.

Ukurasa wa kuingia, ule unaojitokeza wenyewe kwenye simu ukishaunganisha, unatatua nusu ya shida hii: nani aingie, kwa muda gani, kwa kasi ipi. Nusu ya pili haugusi kabisa, na kwangu hiyo ndiyo nzito zaidi: mgeni aliyekwisha kuingia asiweze kuifikia kompyuta ya kaunta, printa wala kamera za ulinzi. Zipo sehemu mjini zenye ukurasa wa kuvutia, nembo na rangi zote, lakini ukishaunganisha tu kamera zao unaziona kwenye simu yako. Kwa hiyo humu tunaanza na kutenganisha, ukurasa utafuata.

Mfano wetu ni mgahawa wa meza kama 15, tuseme Sinza au Mwenge, wenye fiber ya Mbps 20. Kifaa ni ruta ya MikroTik. Nimeichagua kwa sababu Kariakoo inapatikana bila kuagiza, mafundi wengi wa hapa wanaifahamu, na kazi ya hotspot, yaani huo ukurasa wa kuingia na vocha zake, imo ndani yake bila ada ya mwezi. Ukiwa na Omada ya TP-Link au UniFi ya Ubiquiti, nazo zina ukurasa wa wageni na vocha. Vitufe vitakuwa tofauti, mpangilio wa fikra ni huu huu.

Kabla ya kutoa hela

Ruta za MikroTik zina leseni ya programu yenye ngazi, na ngazi hiyo ndiyo inayoamua wageni wangapi wawe ndani kwa wakati mmoja. Ngazi ya 4, ambayo huja na ruta nyingi ndogo za dukani, inaruhusu wageni 200. Ngazi ya 5 ni 500. Ngazi ya 3 inaruhusu mmoja tu, na hiyo hukutwa zaidi kwenye antena za kupokelea mtandao, kwa hiyo usikubali kuuziwa antena ukidhani ni ruta. Mgahawa wetu unatoshwa na ngazi ya 4.

hAP ax² ina waifai ya GHz 2.4 na GHz 5 na soketi tano za gigabiti. Kwa ukumbi mmoja inatosha. hAP lite ni bei rahisi lakini ina GHz 2.4 peke yake na soketi za Mbps 100. Kwa saluni ya viti vitatu sawa, kwa mgahawa utaijutia siku ya mpira.

Ukinunua iliyotumika, jambo la kwanza ni kufuta kila kitu kilichomo na kusasisha programu. Mwaka 2018 liligunduliwa tundu kwenye WinBox, programu ya kuendeshea ruta hizi, lililomwezesha mtu wa nje kusoma majina na nenosiri za wasimamizi. Lilizibwa kwenye toleo la 6.42.1 la RouterOS, programu iliyomo ndani ya ruta yenyewe, lakini ruta ambayo haijawahi kuguswa tangu enzi hizo bado iko wazi.

Mkataba wa fiber nao usome. Kumpa mteja anayekula chakula chako mtandao bure ni jambo moja. Kuuza intaneti kwa vocha ya shilingi kadhaa ni jambo jingine. Kuuza huduma za mawasiliano kwa umma kunasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa leseni, na kampuni nyingi za intaneti hazikubali uuze tena bando la nyumbani. Humu ninazungumzia vocha anayopewa mteja pamoja na risiti. Ukitaka kuuza, anzia TCRA kabla ya kuanza kuchapa vocha.

Na umeme. Weka UPS, ile betri ya akiba, inayobeba vyote viwili, kile kiboksi cha fiber na ruta. Kubeba ruta peke yake hakukusaidii kitu, kiboksi kikizima mtandao umekwenda.

Kuiandaa ruta

Chomeka kebo kutoka kwenye kiboksi cha fiber kwenye soketi ya kwanza ya ruta, na kompyuta yako kwenye soketi ya pili. Fungua WinBox, ingia kwa anwani 192.168.88.1, jina ni admin, na nenosiri kwenye ruta za sasa limechapwa kwenye stika chini yake. Badilisha nenosiri hilo hapo hapo. Kisha "System", "Packages", "Check For Updates", pakua toleo jipya, ruta izime na kuwaka. Rudi "System", "RouterBOARD", bonyeza "Upgrade", uiwashe upya tena. Iache mipangilio ya kiwandani ilivyo. Ina ulinzi mzuri ambao tutautegemea.

Weka saa. Watu wengi huruka hapa, na kwa mji unaokatika umeme ni kosa. Ruta hizi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukirudi, ruta isiyo na mahali pa kuulizia saa inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 1970, na kumbukumbu zako zote za nani aliingia lini zikawa takataka. Fungua "New Terminal" uandike:

/system clock set time-zone-name=Africa/Dar_es_Salaam
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=pool.ntp.org

Kumtenganisha mgeni na nyumba

Tunatengeneza briji mpya, ambayo ni kama swichi iliyomo ndani ya ruta, na kila cha wageni kitakaa humo:

/interface bridge add name=wageni
/ip address add address=10.10.0.1/23 interface=wageni

Hiyo /23 inatupa nafasi 509 za simu badala ya 253 za /24. Utasema meza 15 zina watu wangapi? Wachache, kweli. Lakini mtandao usio na nenosiri hushikwa na kila simu inayopita barabarani iliyowahi kuunganishwa hapo, na simu za siku hizi hubadilisha anwani zao za kifaa. Android ilianza kutumia anwani za kubahatisha kwenye toleo la 10, iPhone kwenye iOS 14, na tangu iOS 18 iPhone huweza kuizungusha anwani hiyo kila baada ya muda kwenye mitandao iliyo wazi. Simu moja inaweza kukulia nafasi zaidi ya moja. Ziwe nyingi tu, hazina gharama.

Sasa waifai. Kwenye menyu ya "WiFi" ongeza interface (mlango wa mtandao) mpya, chagua wifi1 iwe "Master Interface", ipe SSID, yaani jina la waifai, inayoeleweka, mfano "Mgahawa Wageni". Upande wa usalama usiweke nenosiri. Kwenye "Datapath" chagua briji ya wageni na uwashe "Client Isolation", ili simu ya meza ya 3 isiione kompyuta ya meza ya 7. Rudia vivyo hivyo kwa wifi2, jina liwe lile lile. Kwenye ruta za zamani zenye menyu ya "Wireless", utaongeza "Virtual", kisha utaondoa tiki ya "Default Forward", halafu uiingize interface hiyo kwenye briji mwenyewe kupitia "Bridge", "Ports".

Kinga hiyo inafanya kazi ndani ya redio moja. Mgeni wa GHz 2.4 bado anaweza kumfikia wa GHz 5 kwa kupitia kwenye briji. Kwenye "Datapath" ya kila interface ya wageni weka "Bridge Horizon" namba moja inayofanana, sema 1; kwenye ruta za zamani iko "Bridge", "Ports", kwa jina la "Horizon". Milango yenye namba sawa haipitishiani kitu.

Waifai ya nyumba, ile ya kaunta na kamera, ibaki na jina lake na nenosiri lake la WPA2 au WPA3. Wahudumu msiwape. Wao wapewe vocha ya muda mrefu kwenye upande wa wageni, wala hawatahisi tofauti.

Zinafuata kanuni mbili za fayawoli, yaani mlinzi wa ruta anayeamua kipi kipite, na hizi ndizo roho ya kazi yote:

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wageni out-interface-list=!WAN action=drop
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wageni dst-address=192.168.0.0/16 action=drop

Ya kwanza inasema: mgeni akitaka kwenda popote pasipo kuwa nje kwenye intaneti, azuiwe. Ya pili wengi hawaiweki. Kiboksi cha fiber nacho ni ruta, kina ukurasa wake wa usimamizi, mara nyingi kwenye 192.168.100.1 au 192.168.1.1, na kwa ruta yako kiboksi hicho kiko upande wa nje. Kanuni ya kwanza itamruhusu mgeni akifikie. Akikuta nenosiri la kiwandani halijabadilishwa, amekushika. Na kama kamera zako zimechomekwa kwenye kiboksi hicho, kama mafundi wengi wa kamera wanavyopenda kufanya, amezifikia nazo.

Kwenye mipangilio ya kiwandani kanuni hizi zinafanya kazi hata zikiwa mwisho wa orodha. Kama kuna fundi aliyepita akaongeza kanuni zake za kuruhusu, zivute zako zikae juu ya hizo.

Briji ya wageni usiiingize kwenye orodha ya interface iitwayo LAN. Ikibaki nje ya orodha hiyo, fayawoli ya kiwandani inamzuia mgeni kufungua WinBox au ukurasa wa ruta, na hotspot yenyewe hujiwekea njia zake za kupokea wageni.

Kuwasha hotspot

Hapa MikroTik wamerahisisha. "IP", "Hotspot", kitufe cha "Hotspot Setup", kisha unajibu maswali moja baada ya jingine. Interface: wageni. Anwani: 10.10.0.1/23, acha "Masquerade Network" na tiki yake. Safu ya anwani: 10.10.0.2 hadi 10.10.1.254. Cheti: "none". Seva ya barua pepe: iache 0.0.0.0. Seva za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani: 1.1.1.1 na 8.8.8.8, au za kampuni yako ya fiber.

"DNS Name" ndilo jina atakaloliona mgeni juu ya ukurasa. Liwe na nukta katikati, mfano karibu.wageni. Usitumie jina linaloishia na .local, maana simu na kompyuta hulitafuta kwa njia nyingine na ukurasa hautafunguka.

Mwisho utaulizwa mtumiaji wa kwanza. Ruta inapendekeza jina admin, nenosiri tupu. Ukibonyeza mbele bila kufikiri, umeacha mlango ambao mtu yeyote akiandika admin anapita milele bila vocha. Maliza hatua, kisha nenda kwenye kichupo cha "Users" umfute huyo admin. Huyu si yule admin wa WinBox, usiogope.

Fungua "Server Profiles", kichupo cha "Login". Ziwe zimechaguliwa tatu: "HTTP CHAP", "Cookie" na "MAC Cookie". Hiyo ya tatu ndiyo inayomfanya mteja aliyetoka nje kupokea simu akirudi aendelee bila kuandika namba upya. Ondoa "Trial" kama hutaki mtu aingie bila vocha. Trial humpa kila kifaa dakika kadhaa za bure kwa siku, ila ruta humtambua mtu kwa anwani ya kifaa, na anwani hiyo tumeshaona inavyobadilika. Kijana wa jirani atagundua mapema sana.

Kasi na muda

Kwanza kuna jambo la kuzima. Mipangilio ya kiwandani ina kanuni iitwayo "fasttrack" kwenye fayawoli. Inaipa ruta wepesi kwa kuzirukisha data hatua kadhaa za ukaguzi, na mojawapo ya hatua zinazorukwa ni foleni za kasi. Matokeo yake unaweka kikomo cha Mbps 3, mteja anapata 18, na wewe unakesha unatafuta tatizo liko wapi. Nenda "IP", "Firewall", izime kanuni hiyo. Kwa laini ya Mbps 20 ruta haitahisi uzito wowote.

Halafu tengeneza foleni ya wageni wote, ili kaunta ibakiwe na chake hata ukumbi ukijaa:

/queue simple add name=wageni-wote target=10.10.0.0/23 max-limit=8M/16M

Na wasifu wa mteja mmoja mmoja:

/ip hotspot user profile add name=mteja rate-limit=1M/3M shared-users=1 keepalive-timeout=15m parent-queue=wageni-wote

Kwenye 1M/3M, ya kwanza ni ile ruta inayopokea kutoka kwa mteja, yaani kupandisha; ya pili ni kushusha. Ukizigeuza, mteja atakuwa na kasi nzuri ya kutuma picha na mateso ya kufungua chochote.

Kwa nini 3 wakati wateja 25 kwa Mbps 3 ni Mbps 75, na laini ni 20? Kwa sababu hawavuti wote kwa pamoja. Mmoja anasoma meseji, mwingine simu iko kifudifudi mezani, wawili wanatazama video. Ukimgawia kila mtu chini ya Mbps 1 kwa hesabu ya darasani, mtandao utakuwa mzito hata mgahawa ukiwa na watu wanne. Foleni ya wageni wote ndiyo itakayozuia zisizidi 16.

"Keepalive" ya dakika 15 ina maana yake. Simu ikizima skrini hulala na kuacha kujibu. Kwa kawaida ruta husubiri dakika 2 tu kisha inamtoa mteja.

Vocha

MikroTik ina pia kifurushi cha "User Manager", na mafundi wengi hukimbilia huko. Kwa leseni ya ngazi ya 4 kinaruhusu vikao 20 tu kwa wakati mmoja. Watumiaji wa hotspot ya kawaida wanafika 200. Kwa mgahawa, kaa na ya kawaida.

Amri hii inatengeneza vocha 50 za saa mbili mbili:

:for i from=1 to=50 do={ :local n [:rndstr length=6 from="23456789"]; /ip hotspot user add name=$n profile=mteja limit-uptime=2h comment="fungu-1" }

Inataka RouterOS 7. Vocha ni tarakimu sita, na nimeondoa 0 na 1 kwa sababu kwenye karatasi ya risiti iliyofifia zinachanganywa na herufi. Tarakimu pekee zinamsaidia mteja: hana haja ya kuhangaika na herufi kubwa na ndogo. Usalama wake? Michanganyiko ni 262,144. Vocha hai zikiwa 50, anayebahatisha atahitaji kwa wastani majaribio zaidi ya 5,000 kuipata moja, na zawadi yake ni saa mbili za kasi ya Mbps 3. Mwache ahangaike.

Muda wa "limit-uptime" unahesabiwa mteja akiwa ndani tu. Akitumia dakika 40 leo, 80 zilizobaki atazikuta akirudi. Baadhi ya wenye migahawa hawapendi hilo. Mimi naliona zuri, linamrudisha mteja.

Ile "fungu-1" ni ya kufanyia usafi. Vocha zilizokwisha hazijifuti zenyewe. Ukishagawa fungu zima na muda ukapita, unalifuta lote kwa mstari mmoja:

/ip hotspot user remove [find comment="fungu-1"]

Orodha ya namba inakili kutoka kwenye kichupo cha "Users", ichape, ikate vipande, ikae kwenye droo ya keshia. Kila risiti inayolipwa na kipande chake. Mteja akiuliza "Dada, naomba waifai", jibu linakuwa "Namba iko kwenye risiti yako, kaka", na hakuna anayeitwa kutoka jikoni kuja kutaja nenosiri.

Ukurasa wenyewe

Fungua "Files". Utaona folda iitwayo hotspot, ndani yake kuna login.html na wenzake. Kama ruta yako ina folda iitwayo flash, hakikisha folda ya hotspot iko ndani ya hiyo. Kilichoko nje yake kinafutika ruta ikizima, na hapa kwetu itazima tu. Buruta faili kuja kwenye kompyuta, zihariri, zirudishe.

Kwenye login.html, tafuta kisanduku cha password na ubadilishe aina yake iwe hidden. Vocha zetu hazina nenosiri, na kisanduku kisicho na kazi humfanya mteja aulize aandike nini humo. Usikifute kabisa, kwa kuwa hati iliyomo kwenye ukurasa inakitegemea. Kisanduku cha username kipe aina ya tel, simu italeta kibodi ya namba.

Maneno yawe machache na Kiswahili kitangulie: "Karibu. Andika namba iliyo kwenye risiti yako." Chini yake, kwa herufi ndogo, Kiingereza kwa wageni wa nje. Picha ziwe nyepesi na ziwe ndani ya ruta. Usivute fonti wala picha kutoka kwenye tovuti nyingine. Mteja bado hana intaneti, kwa hiyo zitagoma na ukurasa utaonekana umevunjika.

Jambo ambalo karibu kila mtu analiacha ni faili la errors.txt kwenye folda hiyo hiyo. Humo ndimo zilimo sentensi anazopewa mteja mambo yakikataa, zote kwa Kiingereza cha mafundi. Zitafsiri, kila moja imwambie afanye nini. Mstari wa invalid-username uwe "Namba hii haipo. Itazame tena kwenye risiti." Wa uptime-limit: "Muda wa namba hii umekwisha. Omba nyingine kaunta." Wa user-session-limit: "Namba hii inatumika kwenye simu nyingine." Upande wa kushoto wa alama ya = usiuguse. Dakika kumi za kazi hii zitakupunguzia nusu ya maswali ya kaunta.

Ukitaka mteja aone menyu yako ya chakula mtandaoni kabla hajaingia, iongeze kwenye "Walled Garden". Lakini usiongeze humo captive.apple.com, connectivitycheck.gstatic.com wala www.msftconnecttest.com. Hizo ni anwani ambazo iPhone, Android na Windows huzigonga mara tu zikiunganishwa kuona kama intaneti ipo. Zikijibiwa ipo, ukurasa hautajitokeza kabisa.

Kuweka majina na namba za simu kwenye ukurasa

Wenye biashara wengi huniuliza kama ukurasa unaweza kudai jina na namba ya simu ili baadaye watumiwe matangazo. Unaweza. Ushauri wangu ni usifanye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa binafsi za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aeleze anazikusanya kwa ajili ya nini na azilinde. Zaidi ya hapo, ukurasa wetu uko kwenye HTTP na mtandao wetu uko wazi: chochote anachoandika mteja kwenye fomu ya ziada kinasafiri hewani bila kufichwa. Namba ya vocha ikisomwa na mtu hakuna hasara. Namba ya simu ya mtu ni habari nyingine.

Kujaribu, na yanayogoma

Jaribu kwa vifaa vitatu angalau: Android ya bei nafuu kama Tecno au Infinix, iPhone, na kompyuta. Kwenye kila moja sahau mtandao kwanza, uunganishe upya. Ukishaingia, jaribu kufungua 192.168.88.1, kisha anwani ya kiboksi cha fiber, kisha ya kamera. Zote zigome; kwenye 192.168.88.1 ukiletewa ukurasa wa hotspot wenyewe si tatizo, mradi usiwe ule wa usimamizi wa ruta. Moja ikifunguka, rudi kwenye kanuni za fayawoli kabla ya kufungua mgahawa.

Ukurasa usipojitokeza, mwambie mteja afungue neverssl.com au 10.10.0.1 kwenye brauza. Asianze na tovuti ya HTTPS. Ruta haiwezi kumgeuza njia huko bila brauza kupiga kelele ya cheti. Ikiendelea kugoma, angalia kama simu ina VPN iliyowashwa, au kama kwenye Android "Private DNS" imewekewa jina la seva. Izimwe, aingie, kisha aiwashe tena.

Mteja akiambiwa namba inatumika kwenye simu nyingine na anaapa ni yake, mara nyingi anasema kweli: simu imebadilisha anwani yake na kikao cha zamani bado kinaning'inia. Kitoe kwenye kichupo cha "Active".

Kasi ikiwa mbovu meza za nyuma tu, tatizo ni redio. GHz 2.4 iweke upana wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Ukuta wa tofali za saruji unakula GHz 5 vibaya; kama ukumbi umegawanyika, ongeza kifaa cha pili cha waifai kwa kebo. Kuongeza nguvu ya redio hakusaidii, kwa kuwa simu ya mteja haiwezi kupiga kelele kuzidi hapo.

Yote yakikaa sawa, andika /export show-sensitive file=mgahawa kwenye terminal, ulishushe faili hilo kwenye kompyuta yako. Halibebi kurasa, kwa hiyo folda ya hotspot inakili peke yake. Siku radi ikipiga au adapta ikiungua, vitu hivyo viwili na ruta mpya vitakurudisha kazini kabla ya chakula cha mchana.